Tafadhali Subiri

Ofisi ya pensheni ya Olomouc haina haraka nami.
Imenitumia fomu, kurasa sita, faili moja la PDF,
nami nimelifungua kwenye kompyuta ya Otakar,
ile aliyoitia Linux mwaka tuliobadilisha madirisha,
maana, alisema, kitu kizima hakitupwi eti kimezeeka.
Alikuwa akinitazama mimi. Nilimrushia kitambaa cha vyombo.

Fomu haikuja.
Ulikuja ukurasa mweupe na mstari mmoja katikati:
Tafadhali subiri.
Nikasubiri. Nikamenya viazi.
Tramu namba nne ikapita, ikarudi.
Subira huvuta heri, wasemavyo;
hii ilivuta harufu ya viazi vinavyoungua.
Nikarejea mezani: Tafadhali subiri.
Adabu ya namna hii naifahamu.
Ndiyo ya daktari wa zamu, mwezi wa kwanza,
aliyeniambia niketi kidogo pale ukumbini.

Akaja Vojta wa ghorofa ya tatu,
mjukuu wa Bi. Hrubá, miguu mirefu, maneno machache,
soksi moja ya kijivu, moja ya njano.
Akasema fomu hii imeundwa na watu wanaodhani
dunia nzima hutumia kompyuta ya aina moja.
Ukurasa mweupe ni ganda tu, fomu yenyewe imo ndani,
na programu yako, bibi, haina jino la kulivunja.
Akajaribu nyingine. Akajaribu ya tatu.
Ya nne ikafungua,
vikatokea visanduku, safi kama vigae vya bafuni.

Nikabofya palipoandikwa Jina.
Hakuna kitu. Nikabofya tena, kwa nguvu,
kama mtu anayegonga mlango na anaona taa inawaka ndani.
Wametia kufuli, akasema Vojta.
Kusoma ruhusa, kuandika marufuku.
Nikamuuliza: fomu isiyoandikika ni fomu,
au ni picha ya fomu?
Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Ndipo nikakumbuka daftari la kijani,
droo ya jikoni, chini ya risiti za jiko la gesi.
Otakar alitengeneza breki za tramu miaka thelathini na moja,
na amri za kompyuta aliziandika vilevile,
kwa penseli, kwa herufi kubwa za gereji.
Ukurasa wa kumi na tisa:
"Faili lenye kufuli (watu wa kodi, laana yao)."
Chini yake mstari mmoja mrefu, vistari viwili viwili,
na chini kabisa:
"Z., andika kama ilivyo. Usiongeze nafasi. Usiogope."

Hakuna Z. mwingine nyumba hii.

Nikafungua dirisha jeusi,
nikacharaza kwa kidole kimoja, nikabonyeza.
Mashine ikanyamaza.
Nimeharibu, nikasema.
La, akasema Vojta, ikinyamaza ujue imekubali.
Nusura nimwambie nimeishi na mtu wa hivyo.

Kufuli likaanguka. Tarehe ya kuzaliwa ikaingia,
mtaa ukaingia, namba ya akaunti.
Kwenye hali ya ndoa ikashuka orodha fupi:
hajaolewa, ameolewa, ametalikiwa, mjane.
Chagua moja.
Kidole kikakaa juu ya neno la pili.
Vojta akazitazama soksi zake kwa makini sana.
Nikashuka mistari miwili.

Mwisho, jina. Zdislava likakaa vizuri.
Hlaváčová likagoma:
ile herufi yenye kofia, niliyoipata kwake
pamoja na kabati na mama mkwe,
ikageuka kisanduku kitupu katikati ya jina langu.
Vojta akasema kuna njia, ni suala la fonti,
apewe nusu saa.
Nikamwambia aende akale.

Nikaichapa kurasa zote sita.
Nikachukua kalamu ya wino,
nikaandika ile herufi ndani ya kisanduku chake,
nikaivika kofia kwa mkono. Ilikaa upande kidogo.
Posta hufungwa saa kumi na mbili.
Nikatafuta viatu.